Ngozi na mawazo: hatua za kufuata kabla hujanunua krimu nyingine

Maswali anayoulizwa musawo, yaani mhudumu wa afya kwa Kiganda, ni yale yale kila wiki. "Musawo, mbona chunusi zimerudi na mtihani ndio huu?" "Musawo, tangu mume wangu aachishwe kazi, mikono inaniwasha usiku kucha." "Nimeshabadilisha mafuta sijui mara ngapi, uso bado." Anayeuliza anaweza kuwa mwanafunzi wa S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) mjini Kampala, mama anayeuza nguo soko la Owino, dereva wa lori aliyekwama foleni ya mpakani Malaba, au mkimbizi wa makazi ya Nakivale anayengoja habari za ndugu zake walioachwa Kivu. Ngozi zao hazifanani, ila karibu wote wameanzia mahali pamoja: duka la vipodozi. Mwongozo huu unaanzia kwingine.

Nadharia ni fupi. Ukiwa na hofu, hasira au huzuni inayodumu, mwili humwaga homoni za kujihami, hasa kotisoli na adrenalini. Zikikaa juu kwa wiki nyingi, ngozi hutoa mafuta kupita kiasi, ukuta wake wa juu hushindwa kushika maji, mwasho huamka kirahisi na vidonda huchelewa kufunga. Mwaka 1998 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno vidonda vidogo kaakaani, mara moja wakati wa likizo na mara moja siku chache kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku 3, yaani asilimia 40 zaidi, na hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyepona upesi kama alivyopona likizoni.

Kumbuka jambo moja tu kabla ya kuendelea. Mara nyingi msongo hauzai ugonjwa mpya, unauamsha au kuuzidisha ule ulio nao tayari: chunusi, ukurutu, soriasisi (mabaka mazito yenye magamba), mba, mabaka ya mwasho. Kisha ngozi nayo inalipiza, maana mtu akiona uso wake umeharibika anaona haya, anajifungia ndani, na mawazo yanaongezeka. Ndiyo maana hatua zilizo hapa zinagusa pande zote mbili. Ukifanya upande mmoja tu utarudi ulipotoka.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la shule na kalamu.
- Sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato. Sabuni ya mche na ya unga ziache kwenye kufulia.
- Mafuta mazito yasiyo na harufu: mafuta ya mgando ya kawaida, au mafuta ya shea kutoka Lango na Acholi, kaskazini mwa Uganda, yale halisi yasiyochanganywa na marashi.
- Kikata kucha.
- Kitambaa safi cha pamba na maji baridi.
- Simu yenye kamera.
- Mtu mmoja unayemwamini, ambaye unaweza kumwambia ukweli bila kupimwa.
- Wiki 8 za subira. Ngozi ya mtu mzima huchukua karibu mwezi kujibadilisha, na chunusi nyingi huhitaji wiki 8 hadi 12 za matibabu kabla hujaweza kusema dawa imefanya kazi au imeshindwa.

Limau, dawa ya meno, magadi na jiki havimo kwenye orodha. Limau huunguza, hasa ukitoka juani nalo usoni, na doa linalobaki huwa jeusi kuliko chunusi yenyewe.

Hatua ya 1. Ondoa kwanza magonjwa yanayosingiziwa mawazo

Kosa linaloumiza watu zaidi ni kuambiwa "hayo ni mawazo tu" na kumbe ni ugonjwa wenye tiba yake. Jiangalie mwili mzima mahali penye mwanga, au mwombe mtu akuangalie mgongo.

Mwasho mkali wa usiku, vipele katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, na watu wengine nyumbani nao wanajikuna: huo ni upele unaoletwa na vidudu vidogo vya ngozini. Unatibiwa nyumba nzima siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe siku hiyo hiyo. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya dawa hata kama vidudu vimekufa, kwa hiyo usijipake tena na tena kwa hasira.

Duara lenye ukingo ulioinuka na magamba ni fangasi, yale mashilingi. Doa lililofifia ambalo ukiligusa kwa pamba husikii kitu linaweza kuwa ukoma. Dawa yake ni ya bure na inaponya, nenda mapema. Malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku 3, na ukishafika huko upime VVU. Upime pia ukiwa na vipele vigumu vyeusi vinavyowasha mikononi na miguuni kwa miezi. Na vipele vyenye maji au usaha vikija na homa na tezi kuvimba, usikae navyo nyumbani: Uganda ilitangaza mlipuko wa mpox (homa ya nyani) mwezi Agosti 2024, na ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi.

Ukikuta mojawapo ya hayo, mwongozo huu usubiri. Nenda kituo cha afya.

Hatua ya 2. Andika daftari kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo penye majibu. Chora safu: siku, ngozi, moyo, usingizi, kilichotokea. Ngozi na moyo uvipe alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni shwari, tatu ni vibaya kabisa. Andika kila jioni, hata siku njema. Wanawake waweke alama siku za hedhi, kwa sababu chunusi za kabla ya hedhi zina ratiba yake.

Tuseme ni mama wa Owino mwenye ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko. Ukurasa wake unaweza kusomeka hivi:

Jumatatu: ngozi 1, moyo 1, nimelala masaa 7. Soko zuri.
Jumanne: ngozi 1, moyo 3, masaa 4. Shule imepiga simu kuhusu karo.
Jumatano: ngozi 2, moyo 3, masaa 4. Nimejikuna njia nzima ndani ya teksi.
Alhamisi: ngozi 3, moyo 2, masaa 5. Kiwiko kinatoa maji.
Ijumaa: ngozi 3, moyo 1, masaa 7. Nusu ya karo imelipwa. Nimepaka mafuta mapya ya jirani.

Tazama Ijumaa. Moyo umetulia, ngozi bado inawaka, na mkononi ana mafuta mapya. Bila daftari angeyalaumu mafuta ya jirani, au angesema "mimi sina mawazo, nimelala vizuri." Ukurasa unaonyesha kuwa moto uliwashwa Jumanne na ngozi ikafuata siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo unaposoma daftari lako, usitazame siku ile ile. Rudi nyuma. Kwenye mwasho rudi siku chache, kwenye chunusi rudi wiki moja au mbili, na kwenye nywele kukatika rudi miezi 2 hadi 3.

Piga picha mara moja kwa wiki, mahali pale pale karibu na dirisha, saa ile ile. Mara moja inatosha. Anayejitazama kwenye kioo mara kumi kwa siku huishia kubinya, na kubinya huacha doa.

Kwa wenye watoto shule, wiki za kufungua muhula huonekana waziwazi kwenye kurasa hizi. Kwa watahiniwa ni Oktoba na Novemba. Kujua wiki zako mbaya mapema ni nusu ya kazi.

Hatua ya 3. Kusanya krimu zote mezani

Soma kila moja. Isiyo na orodha ya viungo, isiyo na jina la mtengenezaji, au iliyochanganywa kwenye kopo na muuzaji, itoe. Zenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zitoe. Viwango vya Afrika Mashariki vinazikataza kwenye vipodozi, lakini bado zinauzwa. Zebaki hupita kwenye ngozi ikafika kwenye figo, na mama anayenyonyesha au mwenye mimba anamwekea mtoto hatari hiyo pia.

Kundi la tatu ndilo gumu: krimu zenye steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho) kama klobetasoli na betamethasoni. Zinauzwa kama za "kulainisha uso." Wiki ya kwanza uso unang'aa na mwasho unakwisha, ndiyo maana watu wanazipenda. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi ndogondogo zinajaa, na kila ukiacha, uso unawaka moto. Hapo mtu anadhani ni mawazo, au kwamba ngozi yake "haiwezi bila hiyo krimu," na anarudi dukani.

Onyo: kama umeitumia krimu ya namna hiyo kwa miezi, usiiache ghafla peke yako. Ichukue na kopo lake uende kwa mhudumu wa afya akupangie namna ya kuipunguza.

Ninajua kumwambia mtu aachane na krimu aliyoinunua kwa pesa ngumu si jambo jepesi, na ninajua wengi hawakuanza kwa kutaka weupe. Walianza kwa kutaka madoa yaondoke.

Hatua ya 4. Bakiza utaratibu mdogo

Asubuhi, osha uso kwa maji ya uvuguvugu au baridi na sabuni laini, kwa vidole, bila sifongo wala jiwe. Kausha kwa kugusagusa taulo. Mwili uoge dakika 5 hadi 10, maji yasiwe ya moto, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukingoja ikauke kabisa umechelewa. Wenye chunusi wasijipake mafuta mazito usoni. Losheni nyepesi isiyo na harufu inatosha.

Jioni rudia. Basi.

Ukitoka juani vaa kofia au beba mwavuli, kwani jua la hapa hukoleza madoa. Kuanzia Desemba hadi Februari, vumbi na ukavu vikizidi, ongeza mafuta mchana kwenye mikono na miguu.

Hatua ya 5. Shughulikia mikono

Mwenye mawazo hajikuni kwa sababu ya mwasho peke yake. Anajikuna akihesabu deni, akisubiri simu, akisoma ujumbe uliomuudhi. Kucha inapita ngozi, kunakuwa na nafuu ya sekunde chache, ngozi inachubuka, inawasha zaidi, kucha inarudi. Baada ya miezi pale panakuwa pagumu na peusi, na pakiwa hivyo panawasha penyewe hata moyo ukiwa shwari.

Kata kucha fupi kila wiki. Mwasho ukija, lowesha kitambaa kwa maji baridi, kamua, weka hapo dakika 5 hadi 10, kisha paka mafuta. Kama huna maji karibu, bonyeza kwa kiganja bila kukwaruza. Usiku vaa nguo ya pamba yenye mikono mirefu. Mtoto anayejikuna usingizini mvalishe soksi safi mikononi.

Kwenye daftari andika ulipokuwa kila ulipojikuta unajikuna: teksi, kitandani, mbele ya televisheni. Ukiwa mahali hapo, ipe mikono kazi nyingine. Tasbihi, rozari, kufuma, kumenya karanga, chochote.

Kosa la kuepuka: kumkemea mtu "acha kujikuna!" Aibu humfanya ajikune akiwa peke yake. Mpe kitambaa cha baridi.

Hatua ya 6. Punguza mzigo wenyewe

Sitakudanganya kwamba kupumua kunalipa karo. Ndiyo maana gawa mawazo yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yenye kitendo: deni, kodi ya nyumba, ugomvi na mwenye duka. Kwa kila moja andika kitendo kimoja cha wiki hii. Kwenda shuleni kuomba kulipa kwa awamu kabla hawajakupigia ni kitendo. Fungu la pili ni yale usiyoweza kuyasogeza leo: msiba, ndugu aliye mbali, majibu ya mtihani. Hayo ndiyo yanayohitaji kuutuliza mwili.

Njia rahisi: kaa, nyayo zako ziguse sakafu. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6. Dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Mawazo yakikuvamia usipigane nayo. Yatambue kimoyomoyo, "hii ni hofu," sukuma nyayo chini, nyoosha mikono, taja vitu unavyoviona na kuvisikia pale ulipo. Mazoezi ya namna hii yamo kwenye mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyojaribiwa na wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, West Nile, na yaliwapunguzia dhiki.

Usingizi: simu isilale nawe kitandani. Waragi, ile pombe kali, huleta usingizi haraka lakini huukatakata usiku wa manane, na kwa wenye soriasisi pombe huzidisha ugonjwa. Kwenye chakula sitakaa sana. Kula kwa wakati, kunywa maji, punguza soda na chai yenye sukari nyingi kama una chunusi.

Halafu zungumza. Yule mtu mmoja mwambie jambo moja la kweli kila wiki. Kama ni sala au swala inayokutuliza, usiiache kipindi hiki. Vikundi vya mazungumzo vina nguvu: utafiti uliofanyika vijiji vya Masaka na Rakai, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa watu wenye sonona waliokaa kwenye vikundi hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Uliza kituo cha afya au VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chako kama kipo kikundi cha karibu.

Na macho ya watu? Hayo nayo ni mzigo, hasa mtu akiona mabaka na kuhama kiti kwenye teksi, au majirani wakinong'ona kuhusu VVU au kurogwa. Andaa sentensi moja, uizoeze mpaka itoke bila kutetemeka: "Ni ukurutu, hauambukizi." Huna deni la maelezo zaidi.

Hatua ya 7. Ongeza dawa ya ugonjwa wenyewe

Msongo ukishuka, chunusi bado ni chunusi. Baada ya wiki mbili za utaratibu mdogo, mwenye chunusi anaweza kuanza benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5 kutoka famasi, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mwanzoni usiku mmoja upake, unaofuata uache. Hufifisha rangi ya mashuka na taulo, tumia za kazi. Krimu za jamii ya vitamini A usitumie ukiwa na mimba au ukiitafuta. Mwenye ukurutu aulize kuhusu hidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache, chini ya maelekezo, isiwe ya kupaka mwaka mzima. Antibiotiki za kumeza usijinunulie.

Anza kitu kimoja kwa wakati. Ukianza vitatu siku moja hutajua kilichosaidia wala kilichochoma.

Ukikwama

*Chunusi zimeisha, madoa yamebaki.* Kwa ngozi nyeusi ni kawaida, na huchukua miezi. Kofia, subira, na mikono mbali na uso. Huu ndio wakati watu hurudi kwenye krimu za kopo.

*Nywele zinatoka kwa mafungu.* Rudi miezi 2 hadi 3: msiba, homa kali, kujifungua? Kwa kawaida hujirudi zenyewe ndani ya miezi 6 hivi. Upara wa duara laini ni jambo jingine, nenda kwa daktari. Zikipungua pembeni mwa uso tu, legeza misuko kwanza.

*Mabaka yanavimba ghafla na kuwasha, kesho hayapo.* Baka moja hutoweka ndani ya saa 24, mengine yakatokea kwingine. Famasi watakupa dawa ya mzio. Yakiendelea zaidi ya wiki 6 muone daktari. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, kimbia hospitali muda huo huo.

*Daftari halionyeshi uhusiano wowote.* Basi huenda si msongo. Tazama kazi yako: kemikali za saluni, saruji, sabuni za kufulia, glavu. Tazama likizo, je, ngozi hupoa ukiwa mbali na kazi?

*Mawazo ndiyo hayashikiki.* Hulali, huli, au unafikiria kufa: usingoje wiki 8. Nenda leo, na mtu wa kukusindikiza. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala ipo Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili.

*Wiki 8 zimepita, hakuna nafuu.* Anza kituo cha afya cha ngazi ya IV, wakuandikie rufaa. Hospitali za Mulago na Mbarara zina kliniki za ngozi. Beba daftari, picha za kila wiki, na makopo yote ya krimu, hata yale unayoona aibu kuyaonyesha. Usijipake chochote asubuhi hiyo, daktari aione ngozi ilivyo. Mwambie ugonjwa ulianza lini, nani mwingine nyumbani anao, na dawa gani umeshajaribu, za hospitali na za kienyeji. Kama vidonda viko sehemu za siri au chini ya matiti, mwambie kabla hajaanza kuandika.